Elgon View Si Mastaa wa Mbio Tu: Stori ya Madaktari Waliobadilisha Eldy, na Kwa Nini Mathe Wako Anawahitaji

Mtu akitaja Elgon View, najua akili yako inakimbilia wapi: mageti marefu, ndinga safi, wakimbiaji walioomoka na medali, na kodi ambayo ukitajiwa unabadilisha stori. Fiti. Lakini mtaa huohuo una stori nyingine ambayo haivumi mtandaoni, na inakugusa kuliko nyumba ya staa yeyote. Ni stori ya madaktari. Si wale wa kupasua, si wale wa kuzalisha. Ni wale wa magonjwa ya ndani.

Kaa hapa dakika tano, nikupe rada.

Kwanza, hawa ni akina nani?

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anatibu watu wazima bila kushika kisu. Moyo, mapafu, ini, figo, damu, sukari, presha, maambukizi, yote ni kazi yake. Silaha zake ni maswali, mikono, vipimo na kichwa. Kufika hapo si mchezo: miaka sita ya chuo, mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, halafu shahada ya uzamili ya miaka mitatu au zaidi, wengine wakijilipia karo wenyewe.

Baada ya hapo njia inagawanyika. Kuna anayeendelea kusomea kiungo kimoja, tuseme moyo au figo. Na kuna anayebaki na mwili wote. Huyu wa pili ndiye tunamwongelea leo, na ndiye anazidi kuadimika, kwa sababu doo na heshima nyingi ziko kwa wale wa kiungo kimoja. Hata Marekani madaktari wachanga wanakimbilia upande huo.

Unauliza, kwani shida iko wapi? Chukua mathe wa kawaida pale Langas. Ana presha. Ana sukari. Figo zimeanza kusumbua, na magoti yanauma. Kliniki moja inamwandikia dawa za presha, nyingine za sukari, na duka la dawa la mtaani linamuuzia za maumivu. Ngori ni kwamba dawa za maumivu za kawaida kama diclofenac na ibuprofen zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Kila mtu amefanya kazi yake, na bado mathe anazidi kuumwa, kwa sababu hakuna anayeona picha yote. Daktari wa jumla ndiye anamwaga mfuko mzima wa dawa mezani na kuuliza: hii ni ya nini, na hii bado tunaihitaji?

Na usidhani ni mathe mmoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Soma hiyo tena.

Sasa Elgon View inaingia wapi?

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, MTRH, ilianza mwaka 1917 kama kijihospitali cha vitanda 60. Ilikuwa ya wilaya kwa miaka mingi, hadi 1998 ilipopandishwa rasmi kuwa ya rufaa. Kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeanzisha shule ya udaktari, ya pili nchini baada ya Nairobi, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1990. Shule changa, walimu wachache, wagonjwa kibao.

Hapo ndipo Indiana University ya Marekani ikajiunga. Walioanzisha urafiki huo walikuwa madaktari wanne: Joe Mamlin, Bob Einterz, Charles Kelley na David Van Reken. Watatu wa kwanza walikuwa wa magonjwa ya ndani, wa mwisho wa watoto. Boma lao, IU House, liko Elgon View. Kwa zaidi ya miaka 30, madaktari na wanafunzi kutoka Indiana wamelala hapo na kuamkia wadi za MTRH, na wenzao wa Moi nao wakaenda Indiana kusoma.

Lakini usichukulie hii kama stori ya wazungu waliokuja kuokoa watu. Shule ilikuwa ya Wakenya na hospitali pia. Mkuu wa kwanza wa shule hiyo alikuwa Profesa Haroun Mengech, daktari wa akili, ambaye baadaye aliongoza MTRH yenyewe.

Mwaka ambao kila kitu kilibadilika

Mwaka 2000 Mamlin alistaafu Indiana na kurudi Eldy kukaa. Alikuta wadi zimejaa watu wanaokufa kwa ukimwi. Dawa zilikuwepo duniani, ila bei yake ilikuwa ya matajiri. Kati ya wagonjwa alikuwepo mwanafunzi wa udaktari wa Moi, mahututi kabisa. Dawa zikatafutwa, akatibiwa, akaamka. Sasa swali likawa: na hao wengine wote?

Hapa ndipo tofauti ya daktari na daktari kiongozi inaonekana. Daktari anatibu aliye kitandani. Kiongozi anatoka wadini na kuuliza kwa nini kitanda kinajaa tena kesho. Mwaka 2001 chuo, hospitali na Indiana wakaanzisha AMPATH. Kituo cha kwanza cha mashinani kikawa Mosoriot, kule Nandi.

Cheki walichofanya, maana ni akili ya daktari wa jumla tupu:

Moja, chakula. Mtu anameza dawa kali na hajala. Atapona vipi? Wakaanzisha shamba, mboga na mayai vikapelekewa wagonjwa.

Mbili, rekodi. Ukiwa na maelfu ya wagonjwa, daftari haliwezi. Mfumo wa kompyuta ulioanzia Mosoriot ulikua, na mwaka 2004 mawazo yake yakaingia kwenye OpenMRS, programu ya bure ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi. Yaani kazi iliyoanzia kituo cha afya cha Nandi inasaidia hospitali za mabara mengine. Manze!

Tatu, mlango kwa mlango. Badala ya kungoja watu waje wakiwa wamezidiwa, wapimaji waliwafuata nyumbani.

Anayefikiria kiungo kimoja hawezi kupanga haya. Yanapangwa na mtu aliyezoea kumwangalia mgonjwa pamoja na nyumba yake, mfuko wake na sahani yake.

Wakenya washika usukani

Profesa Sylvester Kimaiyo, daktari wa magonjwa ya ndani, aliongoza AMPATH ilipokuwa inapanuka magharibi mwa Kenya. Na ukimwi ulipoanza kudhibitiwa, swali likabadilika: mtu tuliyemwokoa na HIV, tumwache auawe na presha? Dkt. Jemima Kamano wa Moi, naye wa magonjwa ya ndani, amekuwa mstari wa mbele kwenye kazi ya presha na sukari.

Njia moja waliyojaribu utaipenda, kwa sababu unaijua tayari: chama. Watu wenye presha au sukari wanakutana kijijini. Wanachanga, wanakopeshana, na siku hiyohiyo wanapimwa na kupewa dawa. Utafiti wa mpango huo, unaoitwa BIGPIC, uliwafuata watu karibu 2,900, na matokeo yakachapishwa 2021. Presha ilishuka makundi yote, ila ilishuka zaidi kwa waliopata vyote viwili, kliniki ya kikundi na chama. Inaleta maana. Mtu huacha dawa kwa sababu nauli haipo au foleni imemchosha, si kwa sababu ni mjinga.

Kwa nini kesho iko kwa mizani

Sasa ile sehemu haifurahishi.

Pesa kwanza. Huduma za HIV za AMPATH zilisimama kwa miaka mingi juu ya pesa za USAID. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipofunga mfereji, watu walijua maana ya kujengewa nyumba na jirani. Kiongozi wa leo lazima ajibu swali ambalo waanzilishi hawakulazimika kulijibu peke yao: bila mgeni, nani analipa?

Jibu la serikali ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwenye karatasi kuna mfuko wa huduma za msingi na mwingine wa dharura na magonjwa sugu. Kama pesa zitafika kliniki kwa wakati, mgonjwa wa presha atatibiwa mapema karibu na nyumbani. Zisipofika, atakuja Referral akiwa amepata kiharusi, na hiyo ndiyo bili inayouza shamba la familia.

Halafu kuna watu wenyewe. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, Machi hadi Mei. Moja ya kesi kubwa ilikuwa wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa karibu shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema 70,000. Msee amesoma miaka sita, mnabishana kama anastahili theluthi ya mlichoandika. Unashangaa nini akiangalia tiketi ya Uingereza?

Tumaini lipo. ECSACOP, chuo cha madaktari bingwa wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinafunza wataalamu hawa ndani ya hospitali zenyewe, kwa hivyo si lazima mtu aache kaunti yake kwa miaka mingi. Na Moi bado inapeleka wanafunzi wake mashinani, waone mgonjwa anakoishi kabla hajaletwa wadini.

Kitu kimoja tusidanganyane: si kila daktari mkali anafaa kuwa bosi. Bajeti, ununuzi wa dawa, kuongea na gavana, haya hayafunzwi kwa kupapasa tumbo la mgonjwa. Kama tunataka madaktari waongoze, wafunzwe kuongoza, si kupewa ofisi kwa sababu nywele zimekuwa nyeupe. Na tangu afya iende kaunti mwaka 2013, maamuzi hayo hayako Nairobi pekee. Yako kwa watu unaowapigia kura.

Wewe ufanye nini?

Pima presha wiki hii. Haiumi, inachukua dakika chache. Buda na mathe pia, hata kama wanasema wako fiti, maana presha haibishi hodi.

Mzazi akienda kliniki, beba dawa zote anazomeza, hata za mitishamba, kwa mfuko mmoja. Uliza kwa heshima: "Daktari, ni nani anasimamia matibabu yake yote?" Kama hakuna jibu, hapo ndipo pa kuanzia.

Na wewe uliye chuoni unasomea udaktari, ukiota nyumba ya Elgon View, sawa, ota. Lakini jua kuna mathe Langas mwenye mfuko wa dawa saba, na anayemhitaji ni daktari atakayezisoma zote.