Usimfungie Ndani, Mpe Tufe Arushe

Je, msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, una mtoto mwenye ulemavu wa akili usiyemtoa nje kwa kuogopa maneno ya majirani? Kukaa ndani kutwa humnenepesha, hulegeza misuli na kumnyima marafiki.

Upo mchezo uitwao boche. Huchezwa katika mashindano ya Special Olympics, yaliyoanza Chicago mwaka wa 1968 na ambayo Kenya hushiriki. Kila upande hupewa matufe manne. Kwanza hurushwa tufe dogo la kulengwa. Anayelikaribia zaidi ndiye apataye pointi. Wachezaji hupangwa na wenye uwezo kama wao, hivyo hata anayetembea kwa shida aweza kupata medali. Kushindana huanza akiwa na miaka 8, na uzee si kizuizi.

Usingoje uwanja. Mchangani ufuoni au uani, mipira ya tenisi yatosha kuanzia. Atajifunza kulenga, kuhesabu na kungoja zamu yake. Ila mwone daktari kwanza. Mwenye hali ya Down apimwe moyo na shingo. Kisha ulizia shule iliyo karibu yenye kitengo maalumu.