Mazembe na Lupopo: watoto wa mwaka mmoja wanaogawanya Lubumbashi

Katika komini Annexe, inayozunguka mji wa Lubumbashi, nyumba moja inaweza kuwa na rangi mbili: nyeusi na nyeupe za TP Mazembe, manjano na buluu za FC Saint-Éloi Lupopo. Siku ya derbi, hata ndugu wa tumbo moja hawasikilizani.

Timu zote mbili zilizaliwa mwaka 1939. Mazembe ilianzishwa na watawa Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges. Lupopo ni timu ya watu wa reli, na hadi leo inaitwa Cheminots.

Kwa makombe, Mazembe iko mbali sana: ubingwa wa Afrika mara 5 (1967, 1968, 2009, 2010, 2015), na fainali ya Kombe la Dunia la vilabu mwaka 2010, iliposhindwa na Inter Milan 3-0. Lupopo ilichukua ubingwa wa Kongo mara ya mwisho mwaka 2002. Ndiyo maana kwa wafuasi wake, kumpiga Mazembe ni kama kombe.

Siasa nayo imeingia uwanjani. Moïse Katumbi anaongoza Mazembe tangu 1997. Jacques Kyabula aliongoza Lupopo akiwa gavana wa Haut-Katanga. Hapo bao moja husomwa kama kura.

Lakini wachezaji hawagombei kiti. Mechi inaisha kwa dakika 90. Jirani wa Annexe unabaki naye mwaka mzima. Tuimbe, tutaniane, kisha turudi nyumbani bila mawe.