Kituo cha Pamoja cha Huduma za Dharura: Mfano wa Matulo

Kituo cha pamoja cha huduma za dharura ni mahali ambapo zimamoto, magari ya wagonjwa na polisi hukaa katika uwanja mmoja na kuitikia simu moja. Makala haya yanaeleza namna kituo cha aina hii kinavyopaswa kusanifiwa, kwa kuangazia Matulo, wadi iliyo karibu na mji wa Webuye katika Kaunti ya Bungoma. Matulo ina kiwanja kidogo cha ndege na makazi yanayozidi kuongezeka. Nao mji wa Webuye ndipo barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba inapokutana na ile ya Kitale. Malori ya mafuta hupita hapo.

Haja ya kituo kama hiki ilidhihirika Januari 2009. Tarehe 28, duka la Nakumatt Downtown liliteketea katikati ya Nairobi na watu zaidi ya 20 wakaangamia, ingawa kituo cha zimamoto cha Barabara ya Tom Mboya hakikuwa mbali. Siku tatu baadaye, lori la petroli lililopinduka Sachangwan, karibu na Molo, lilishika moto raia wakichota mafuta. Waliokufa walizidi 100. Ukaribu wa jengo peke yake, basi, hauokoi mtu.

Usanifu huanzia milangoni. Gari la zimamoto liingilie nyuma na kutokea mbele, wala njia yake isikatane na ya gari la wagonjwa. Mahabusu wasipitishwe walipo majeruhi. Kituo kiwe na kisima chake, ili moto usingoje zamu ya maji ya mfereji. Aidha, mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya uzimamoto miongoni mwa visababishi vya saratani. Kwa hivyo nguo zenye masizi zivuliwe na kufuliwa mbali na vyumba vya kulala.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa si saruji. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 liliwapa kaunti zimamoto na magari ya wagonjwa, likaiachia serikali ya kitaifa polisi. Uwanja mmoja utakuwa na waajiri wawili, bajeti mbili na, pasipo makubaliano, redio mbili zisizosikilizana.

Ndiyo maana chumba cha kupokelea simu ni muhimu kuliko vyote. Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika, ingawa ni nadra wasanifu majengo kumwalika. Anayepiga simu huenda ni mama wa Kibukusu, au dereva kutoka Uganda au Kongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Akisema 'gari limewaka', je, injini imenguruma au gari linaungua? Akisema 'lori la mafuta limeanguka', ni mafuta ya petroli, ya taa au ya kupikia? Tofauti hii si ya kimtindo. Petroli huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka, hivyo huzimwa kwa povu. Wazimamoto waliokuja na maji matupu watautazama moto tu.

Mahali nako kuna utata. Nyumba nyingi vitongojini hazina nambari, na 'mbele ya kanisa' huweza kumaanisha mkabala na mlango wake au mita mia mbili baada ya kulipita. Wahudumu wa idara zote tatu wahitaji orodha moja ya maswali, kwa Kiswahili sanifu chepesi, iliyojaribiwa kwa wakazi wenyewe kabla ya kubandikwa ukutani. Swali la kwanza liwe la mahali, wala si la jina la anayepiga, kwa kuwa simu yaweza kukatika wakati wowote.