Gladiola: Ua Lisilohitaji Maji ya Kiangazi

Watu wengi wa kwetu Kiomboi, wilaya ya Iramba, husema kwamba kupanda maua ni kupoteza maji. Mama naye alisema hivyo nilipomwomba tuta moja la mchicha ili nipande gladiola. Alikuwa na haki, maana mwezi wa Septemba yeye ndiye ajitwikaye ndoo. Katika makala haya napenda kueleza kwa nini ua hili halihitaji ndoo hiyo, na jinsi lipandwavyo.

Gladiola huota kutokana na tunguu lililobonyea kidogo. Majani yake ni marefu na yamechongoka. Ndiyo sababu jina lake katika Kilatini maana yake ni "upanga mdogo". Ua hili si geni Afrika. Aina iitwayo Gladiolus dalenii huota porini katika nchi nyingi za bara letu, Tanzania ikiwamo, nayo ni mmojawapo wa wazazi wa maua makubwa ya bustani yaliyozalishwa Ulaya tangu karne ya 19. Mvua ikikoma, majani hukauka na tunguu hulala. Basi, ua hili lajua kiangazi tangu zamani.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo mimi hupanda katika likizo ya Desemba, udongo ukiisha lowa. Chagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Lima kwa kina, utie samadi iliyooza vizuri, kwani samadi mbichi huozesha matunguu. Fukia kila tunguu kina cha sentimita 10 hadi 15, chipukizi likitazama juu, na uache sentimita 15 kati ya moja na jingine. Panda nusu kwanza, na nusu nyingine baada ya wiki mbili, ili maua yasije yote kwa mara moja. Majani yakifika magotini, pandishia udongo, upepo usiyaangushe. Maua hutokea baada ya siku 70 hadi 100 hivi.

Kukata ndiko kulikonishinda. Maua hufunguka kuanzia chini ya shina kwenda juu. Kata asubuhi, yale ya chini yanapoanza kuonyesha rangi. Mengine yatafunguka ndani ya maji. Yasimamishe wima, maana yakilazwa ncha hupinda. Hayo niliyajua, lakini habari ya majani sikuijua. Nilipokuwa Kidato cha Pili palikuwa na harusi jirani, nami nikakata mashina yote mpaka chini pamoja na majani. Fedha tulipata. Lakini Juni nilipofukua matunguu yangu 40, niliyakuta madogo kama punje za kitunguu saumu, na msimu uliofuata halikutoka ua hata moja. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu mchicha wake uko wapi.

Kumbe kila mwaka tunguu la zamani hunyauka, na jipya hukua juu yake kwa chakula kitengenezwacho na majani. Hivyo, ukikata ua, acha majani manne au zaidi.

Majani yakiisha kuwa ya manjano, yapata likizo ya Juni, fukua. Anika kivulini wiki mbili au tatu, ondoa tunguu kuukuu, tupa yaliyo laini, na hifadhi yaliyobaki katika kikapu mahali pakavu penye hewa. Usiyatie katika mfuko wa plastiki, yataoza. Vitoto vidogo vitunze pia. Huchukua misimu miwili hivi kabla ya kuchanua.

Machi ya mwaka huu maua yalitoka vizuri, na mama mwenyewe ameniongezea tuta la pili.

Mahafali yetu yatakuwa Oktoba, wakati gladiola zimelala, kwa hiyo hatutakuwa nazo. Lakini nimewaachia wadogo zetu wa Kidato cha Pili matunguu 20 kikapuni. Shule ikifunguliwa Januari, wayapande mbele ya ofisi, na wakikata wakumbuke majani.