Ng'ombe Asiye na Kichwa

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wataliona dogo mno kuletwa katika mazungumzo ya namna hii. Ni habari ya kutengeneza wanyama pamoja na watoto wadogo, kwa vitu vile vile tunavyovitupa nyuma ya jiko kila jioni.

Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa pili, twasoma kwamba Mungu aliwafanya wanyama kwa udongo, kisha akawaleta mbele ya Adamu apate kusikia atawaitaje. Hatusomi kwamba alimsahihisha hata mara moja. Mwenye kuumba alisimama kando, akangoja.

Sisi hatukuwa na subira hiyo. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na darasa la watoto wa miaka minne hadi sita, katika kanisa moja upande wa Nyamira, kwenye mashamba ya majani chai. Tuliwaambia kila mmoja atengeneze mnyama nyumbani, amlete Jumapili. Kijana mmoja mdogo, aliyekuwa akilelewa na nyanya yake, alileta ng'ombe. Mwili ulikuwa paketi tupu ya maziwa. Miguu ilikuwa vipande vinne vya gunzi la hindi, na mkia uzi wa katani. Kiwele kilikuwa ncha ya soksi kuukuu iliyojazwa maganda makavu ya mgomba, nacho kilikaribia ukubwa wa mwili wenyewe. Kichwa hakikuwapo.

Basi tulichukua mkasi, tukakata kichwa kizuri cha katoni chenye pembe na macho, tukakibandika. Tulidhani tunamsaidia. Mtoto alitazama, akasema polepole, "Huyu si wa magokoro." Alipokwenda nyumbani alimwacha ng'ombe juu ya benchi, na Jumapili mbili zilizofuata alikaa na mikono yake chini ya mapaja.

Siku moja tulipita kwao asubuhi na mapema, tukayaona wenyewe. Magokoro alikuwa akikamua, na mtoto amechutama karibu naye, ameshika kikombe. Ng'ombe alikuwa ameingiza kichwa chote katika hori, akila majani ya nepia. Kutoka pale alipochutama mtoto, ng'ombe hana kichwa. Ana tumbo, miguu na kiwele, na katika kiwele hicho ndimo mlimotoka sabuni, chumvi na daftari za nyumba ile. Mtoto alitengeneza alichokijua, na sisi tukamwambia kwa mkasi kwamba hajui.

Tunasema haya kwa sababu tangu mtaala wa umilisi ulipoenea katika shule zetu mwaka 2019, wazazi wengi wa Kisii na Nyamira wamezoea kuambiwa saa mbili za usiku kwamba kesho yatakiwa katoni au trei ya mayai. Baba amechoka, mama amechoka, mtoto anasinzia. Mwishowe twiga anatengenezwa na baba, anapelekwa shuleni akiwa amenyooka vizuri, na kusifiwa. Hatuwalaumu wazazi, kwa maana usiku ni mfupi. Lakini mtoto amejifunza nini juu ya mikono yake mwenyewe?

Vitu vyenyewe havinunuliwi. Bwana Yesu alipokwisha kuwalisha wanaume elfu tano, aliwaagiza wanafunzi waokote mabaki, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Yohana ameyaandika katika mlango wa sita. Nasi tuwe na kikapu kimoja kando ya mlango. Tutie humo magunzi, maganda ya mgomba, paketi za maziwa zilizooshwa na kukauka, trei za mayai, na bomba la katikati la karatasi ya chooni. Mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikifungwa kuwa mipira, ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na mgomba ungalipo.

Gundi ni uji. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano katika vikombe vitatu vya maji baridi, upike kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe mzito, kisha uuache upoe kabisa. Kikonyo kimoja cha trei ya mayai ni kifua cha kuku, yaani engoko, na manyoya ya kweli yanaokotwa uani. Gunzi likivikwa ganda la mgomba na kufungwa kwa uzi huwa panya, au mbwa, au lolote ambalo mtoto atalisema. Mzazi afanye kazi ya kisu tu, na kutoboa tundu. Mengine aketi ayaone.

Hata hivyo, si kila takataka ni ya kikapu hicho. Chupa iliyokuwa na dawa ya kupe au ya kunyunyizia mboga isitumike kamwe, hata ikioshwa mara saba. Betri kuukuu na mikebe yenye makali, vivyo hivyo. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya lile bomba la karatasi ya chooni chaweza kumkaba koo. Kizibo cha soda hupita.

Msidhani mchezo huu ni wa wageni. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, watu huchonga tembo na viboko kwa jiwe la Kisii, na wanyama hao wamefika nchi za mbali. Na katika kisiwa cha Kiwayu, huko Lamu, watoto walikuwa wakiokota kandambili zilizoletwa na bahari, wakazikata kuwa vitu vya kuchezea. Mwaka 1997 Julie Church, aliyekuwa huko kwa kazi ya kuhifadhi kasa, aliwaona. Kutokana na michezo ile ilianza kazi iitwayo Ocean Sole, ambayo hutengeneza wanyama wa rangi nyingi kwa kandambili kuukuu. Watoto wa Kiwayu hawakungoja kufundishwa na mtu mzima. Mtu mzima ndiye aliyesimama akatazama.

Turudi kwa kijana wetu. Asubuhi ile, mbele ya nyanya yake, tulimwomba radhi. Si jambo rahisi kwetu, mtu mzima kumwomba radhi mtoto wa miaka mitano, na magokoro mwenyewe aliacha kukamua, akatutazama kwa mshangao. Mtoto hakujibu neno. Alitunyoshea kikombe cha maziwa.

Jumapili iliyofuata alikuja na kuku wa trei ya mayai. Alikuwa na miguu mitatu. Tulimwuliza anaitwa nani, naye akatuambia.