SOMO LA AFYA: DAMU ISIYOTAKA KUGANDA

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini yafaa kujua dalili zake, maana mgonjwa akicheleweshwa aweza kufa.

Ukijikata kwa jembe, damu hutoka kidogo, kisha huganda. Ni nini kinachoiziba? Ndani ya damu mna chembe ndogo sana ambazo hukimbilia kwenye jeraha na kushikamana, kama udongo unaokandikwa ukutani. Chembe hizo hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, nazo huishi siku 7 hadi 10 tu. Mtu mwenye afya huwa na chembe 150,000 hadi 450,000 katika tone la damu lililo dogo kama kichwa cha pini.

Mwili pia una askari wake wa kuua vijidudu. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakadhani chembe hizo ni adui. Huzitia alama, na wengu huziharibu. Ni kama mlinzi wa boma apigaye mkuki ng'ombe gizani, akidhani ni fisi.

Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 1950, huko St. Louis, Marekani, Daktari William Harrington alijitia damu ya mwanamke mgonjwa. Baada ya saa chache chembe zake zilikuwa karibu kwisha, naye akatokwa na vidoa vya damu mwilini. Alipata nafuu baada ya kama wiki moja. Basi ikaonekana kwamba mwharibifu yumo ndani ya damu yenyewe.

Dalili ni hizi: pua au fizi kutoka damu bila sababu, hedhi kuzidi, damu kuvilia chini ya ngozi, na vidoa vidogo vyekundu visivyofifia vikibonyezwa. Kwa ngozi nyeusi, tazama ndani ya kinywa na kwenye nyayo.

Ukiziona, usichanje mgonjwa chale wala usimpe aspirini. Huo si uchawi. Mpeleke akapimwe damu, kwa mfano katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955. Mtajie daktari dawa zote alizomeza. Hata kwinini, dawa ya malaria, mara chache huleta shida hii. Watoto wengi hupona wenyewe. Watu wazima hupewa dawa ya kuwatuliza askari wale, kama prednisoloni. Lakini mgonjwa akishikwa ghafula na kichwa kikali na kutapika, msingoje kupambazuke.

Maswali ya kikundi:
1. Chembe za kugandisha damu hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini chale ni hatari kwa mgonjwa huyu?