Gesi Ipo Jikoni, Fundi Yuko Wapi?

Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Taveta, nchini Kenya, ndizi za Mlima Kilimanjaro hushuka hadi Holili, upande wa Tanzania, na kuvuka mpaka. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2016 kimerahisisha safari ya mzigo. Ndizi zilizopondeka, maganda na mabaki ya vyakula vya mama lishe havina safari hiyo. Huishia kutupwa, na mama lishe huyo huyo ananunua mkaa wa kupikia. Ananunua nishati, anatupa nishati.

Kila inapotajwa biashara ya taka na nishati, wakubwa hufikiria umeme. Addis Ababa walifungua mtambo wa Reppie mwaka 2018, megawati 25, kwa takriban dola milioni 120, jirani na dampo la Koshe ambako mwaka mmoja kabla mporomoko wa taka uliua watu zaidi ya 110. Jiji la mamilioni ya watu linaweza kuthubutu. Lakini takataka za kwetu ni mbichi: kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018, zaidi ya nusu ya taka za nchi za kipato cha chini ni mabaki ya chakula na majani. Ukizichoma, moto unatumia nguvu yake kukausha maji kwanza. Kiwanda cha sukari cha TPC, kusini mwa Moshi, kinachoma mabaki ya miwa na kuzalisha umeme wake hadi ziada inauzwa kwa shirika la umeme, TANESCO. Kinaweza kwa sababu taka yake ni ya aina moja, iko mahali pamoja, na mvuke wake unatumika pale pale. Kaya za miji midogo kama Himo na Holili hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Kitu kibichi huchachushwa. Hilo Kilimanjaro na Arusha wanalijua tangu miaka ya 1980, CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, ilipoanza kueneza mitambo ya biogesi kwa msaada wa Wajerumani. Mwaka 2009 ukaja mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani, nao ukakabidhiwa CAMARTEC. Mteja wa kwanza alikuwa mfugaji mwenye ng'ombe wa kufungia bandani, maana samadi yake haitawanyiki malishoni. Kinyesi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, huteremka kwenye kuba la matofali lililofukiwa ardhini, na gesi hupanda kwa bomba hadi jikoni.

Hesabu yake inavutia. Kilo moja ya kinyesi hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa maziwa wanaweza kuipa familia mita moja ya ujazo kwa siku, na mita hiyo inakaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Kwa mwezi ni kama mtungi wa kilo 15. Mabaki ya jikoni hutoa gesi nyingi zaidi kwa kilo, kwa sababu hayajapita tumboni mwa ng'ombe. Yakatwe vipande vidogo, yaongezwe taratibu, la sivyo uchachu unazidi na gesi inakata. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea, na kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, naona thamani yake inashindana na ya gesi yenyewe.

Mbona basi haijaenea? Kuba la kaya hugharimu zaidi ya shilingi milioni moja, zote mwanzoni, wakati kuni hununuliwa kidogo kidogo. Tena kuna maji. Juu mlimani yapo. Tambarare za Rombo, Holili ikiwemo, kiangazi ndoo ya maji ni mali, na huwezi kumwambia mtu aimwage shimoni kabla mifugo haijanywa. Huko mtambo usianze kabla ya tangi la mvua.

Ila kinachoniuma zaidi ni mitambo iliyokwisha kujengwa na kufa. Koki imeoza, maji yamejaa kwenye bomba, ng'ombe mmoja ameuzwa kulipa ada, na fundi aliyejenga alilipwa siku ya kumaliza kazi akaondoka. Miradi ilihesabu makuba, haikuhesabu majiko yanayowaka.

Soko sasa lipo. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule ya bweni ina jiko kubwa, mabaki, vyoo na mhasibu wa kulipa ankara. Magereza ya Rwanda yalianza kupikia gesi ya vyoo vyao mwaka 2001. Shule za Rombo na Moshi Vijijini zinaweza kuwa mteja anayewabakiza mafundi wilayani, ambao nao watapita kwa mama lishe wa Holili na kwa wenye ng'ombe wawili. Mkataba uandikwe hivi: sehemu ya malipo ya fundi ibaki mkononi mwa mwenye mtambo, alipwe baada ya mwaka mmoja, jiko likiwa linawaka.